Mtoto mwenye ulemavu wa ukuaji nchini Kenya: maswali ambayo wazazi na walezi huuliza mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mzazi, nyanya, shangazi au mlezi yeyote nchini Kenya anayelea mtoto mwenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy), usonji (autism), hali ya Down au ulemavu wa akili, na hata mtoto anayechelewa kukua na bado hajaambiwa ana nini. Huduma zipo, ila zimegawanyika katika milango minne: hospitali, ofisi ya elimu, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD) na ofisi ya maendeleo ya jamii. Mlango mmoja haukufungulii mwingine. Kwa hiyo usingoje kumaliza wa kwanza ndipo ubishe wa pili, na usingoje jina la ugonjwa ndipo uanze mazoezi.

Nitajuaje kama mtoto amechelewa kweli, au ana mwendo wake tu?

Watoto hutofautiana, lakini tofauti hiyo ina mipaka. Mpeleke akaangaliwe ikiwa ana miezi minne na shingo bado haijakaza. Miezi tisa na hajakaa bila kushikiliwa. Mwaka mmoja na nusu na hajatembea wala hajatamka neno lenye maana. Miaka miwili na haunganishi maneno mawili, kama "mama njoo" au "nataka uji". Angalia pia mtoto anayekunja ngumi muda wote baada ya miezi mitatu, anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka mmoja, anayelegea au kukakamaa unapombeba, au asiyegeuka akiitwa jina.

Mtoto aliyekuwa akifanya jambo kisha akaliacha, iwe ni kusema, kutazama watu au kutembea, asisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke wiki hiyo hiyo.

Kitabu cha Mama na Mtoto kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Mara nyingi hubaki mtupu kwa sababu foleni ya chanjo ni ndefu na kila mtu anaharakisha. Mwombe muuguzi aujaze. Tarehe zilizoandikwa humo zitakusaidia katika kila ofisi utakayoingia baadaye.

Hospitalini nianzie wapi?

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya rufaa kwenda kliniki ya watoto ya hospitali ya kaunti au kaunti ndogo. Huko omba mambo matatu kwa kuyataja: daktari wa watoto amwone, apimwe masikio na macho, na aandikiwe kwenda kwa wataalamu wa tiba ya viungo na wa tiba ya shughuli za kila siku. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nje ya miji mikubwa, kwa hiyo uliza mapema kama yupo na huja siku gani.

Kupima masikio si jambo la kuruka. Kuna watoto walioitwa wenye usonji au wazito wa akili, kumbe hawasikii.

Mtoto mwenye hali ya Down anahitaji zaidi ya hapo: takriban nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, kwa hiyo moyo upimwe kwa mashine ya mawimbi ya sauti hata kama anaonekana mzima. Tezi ya shingo nayo ipimwe kwa damu, kisha irudiwe kila mwaka. Kasoro ya moyo ikigunduliwa mapema hurekebishika. Ikichelewa, mapafu huharibika kiasi kwamba upasuaji haufai tena.

Hakikisha mtoto ameandikishwa kama mtegemezi wako katika Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 2024. Cheti cha kuzaliwa kikikosekana, hapo ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo kishughulikie kwanza.

Hali hii imetokana na nini? Ni makosa yangu?

Si makosa yako, wala si laana, wala si jicho la mtu. Mtindio wa ubongo mara nyingi hutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa kabla ya siku, manjano makali ambayo hayakutibiwa siku za kwanza, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Hali ya Down hutokana na kromosomu ya 21 kuwa nakala tatu badala ya mbili. Usonji ni tofauti katika jinsi ubongo unavyojijenga, na urithi una sehemu kubwa ndani yake. Chanjo hazisababishi usonji. Jambo hilo limechunguzwa katika nchi nyingi na jibu ni moja.

Kuna dawa ya kuiponya?

Hakuna dawa, sindano wala upasuaji unaoondoa mtindio wa ubongo, usonji au hali ya Down. Kuna dawa za mambo yanayoandamana nayo: kifafa, misuli kukaza, kukosa usingizi. Anayekuuliza pesa kwa ahadi ya kuponya, awe na koti jeupe au na kibuyu, anachukua pesa ambazo zingelipa nauli ya mwaka mzima ya mazoezi. Maombi hayagombani na matibabu, mradi dawa za kifafa zisisitishwe.

Tunaitwa tiba ya viungo mara moja kwa mwezi. Inatosha?

Haitoshi, na mtaalamu mwenyewe anajua. Kikao cha hospitalini ni cha kukufundisha wewe. Kazi hasa hufanyika nyumbani. Usiondoke kabla hujafanya zoezi kwa mikono yako huku mtaalamu akitazama. Omba mazoezi mawili au matatu, yasizidi, kisha yaingize katika mambo ambayo tayari unayafanya kila siku: kunyoosha miguu wakati wa kumpaka mafuta, kukaa na kushikilia wakati wa kuoga, kuvuka katikati ya mwili kwa mkono wakati wa kuvaa shati. Mlezi aliyepewa mazoezi kumi na mawili huishia kutofanya hata moja.

Badilisha mkao wake kila baada ya saa mbili hivi. Mtoto anayelala chali kutwa hukaza nyonga na magoti, uti wa mgongo ukapinda, na akifika miaka minane kumvalisha suruali ni vita. Kiti cha kona, mto wa kulalia kifudifudi na fremu ya kusimamia vinaweza kutengenezwa na seremala wa mtaani kwa vipimo vya mtaalamu, au kwa katoni na karatasi zilizogandishwa kwa gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka, zikakauka juani hadi zibebe uzito wa mtoto. Hivyo vya karatasi vipakwe rangi ya mafuta, maana vikilowa mkojo vimekwisha.

Anapaliwa kila akila, na hanenepi. Nifanye nini?

Swali hili lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Watoto wenye mtindio wa ubongo hufa kwa nimonia na utapiamlo kuliko kwa ulemavu wenyewe, na chanzo mara nyingi ni namna ya kulishwa.

Kosa la kawaida ni kumlaza mapajani, kichwa kikiwa nyuma, na kummiminia uji. Kichwa kikilala nyuma, njia ya hewa inakuwa wazi na uji unateremka mapafuni. Mkalishe wima: nyonga zimekunjwa, miguu imekanyaga kitu, mgongo umeegemea, na kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Wewe kaa mbele yake, chini kidogo ya usawa wa macho yake, ili asiinue kichwa kukutafuta. Tumia kijiko kidogo, nusu tu, ukilete kutoka mbele. Kibonyeze taratibu katikati ya ulimi, usubiri afunge mdomo. Hakikisha amemeza kabla ya kijiko cha pili. Akimaliza, abaki wima kwa nusu saa.

Chakula kiwe laini na kizito. Uji mwepesi na maji huteremka haraka kuliko koo lake linavyoweza kujipanga, ndiyo maana hupaliwa zaidi na maji kuliko na ndizi iliyopondwa. Uji huo huo mwepesi unajaza tumbo bila kumpa nguvu. Ongeza kijiko cha mafuta, njugu zilizosagwa, parachichi, maziwa, yai, maharagwe yaliyopondwa na kuchujwa maganda, au omena wa kusaga. Milo mitano midogo ni bora kuliko mitatu mikubwa, na mlo usipite nusu saa: akichoka, misuli ya koo inachoka pia.

Rudi hospitalini upesi ikiwa sauti yake inakuwa ya majimaji baada ya kula, macho yanalia kila akimeza, anapata homa na kifua mara kwa mara, au mzingo wa mkono wake wa juu uko chini ya sentimita 11.5 akiwa na umri wa miezi 6 hadi 59. Kipimo hicho kinaonyesha utapiamlo mkali, na mhudumu wa afya ya jamii anayo tepe yake. Usikubali kuambiwa kuwa watoto kama huyu ndivyo walivyo, wembamba.

Tumepewa kiti cha magurudumu lakini anateleza na kulala upande.

Pengine ni kiti cha mtu mzima. Upana wa kiti ulingane na upana wa nyonga za mtoto. Kina chake kiishie sentimita chache kabla ya nyuma ya goti. Miguu ikanyage ubao, isining'inie. Mtoto asiyejishikilia anahitaji pia egemeo la kichwa, vizuizi vya pembeni na mkanda wa nyonga. Kiti kikubwa humpindisha mgongo polepole, hivyo kinaweza kudhuru kuliko kukosa kiti. Omba apimwe upya katika karakana ya vifaa ya hospitali au ya shirika kama APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, ambalo limefanya kazi hii Kenya tangu 1958. NCPWD nayo hutoa vifaa kupitia mfuko wake, kwa maombi yaliyoambatanishwa na pendekezo la mtaalamu. Pendekezo hilo liandikwe vipimo. Likiandikwa tu "kiti cha magurudumu", kitakachokuja ni chochote kilichopo stoo.

Akipata kifafa nifanye nini, na dawa atumie hadi lini?

Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu, legeza nguo shingoni, tazama saa. Usimtie kijiko, kidole wala maji mdomoni, na usimshikilie kwa nguvu. Ikipita dakika tano, au kikiisha na kurudi kabla hajazinduka, kimbia hospitali. Mtu mwingine amrekodi kwa simu, kwa sababu sekunde thelathini za video humweleza daktari mengi kuliko maelezo ya mdomo.

Kuna kifafa kisichoangusha: mtoto anakodoa macho sekunde chache, au mtoto mchanga anajikunja ghafla na kurusha mikono, mara nyingi mfululizo, hasa anapoamka. Hicho cha kujikunja kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja ni cha dharura. Watu hudhani ni msokoto wa tumbo, wakapoteza wiki ambazo ubongo hauwezi kuzirudisha.

Dawa isikatwe ghafla, hata kama hajaanguka kwa miezi. Kukata ghafla ndiko kunakoleta mishtuko mirefu. Chukua nyingine wiki moja kabla ya kuisha. Kipimo hufuata uzito, kwa hiyo mtoto aliyeongezeka kilo kadhaa na kuanza kuanguka tena huenda amekipita kipimo chake. Apimwe uzito kabla ya kubadilishiwa dawa. Daktari ndiye ataamua kupunguza, kwa kawaida baada ya miaka miwili bila kuanguka, tena kidogo kidogo.

Mwanangu haongei. Nimfundisheje?

Anza na kuwasiliana. Maneno yatafuata, au hayatafuata, lakini atakuwa anaeleweka. Mwonyeshe vitu viwili, kikombe na ndizi, umwulize anataka kipi, kisha unyamaze ukihesabu moyoni hadi kumi. Kunyamaza huko ndiko kugumu, maana sisi watu wazima hujibu kwa niaba yao. Akitazama, akinyoosha mkono au akitoa sauti, hilo ni jibu: mpe hapo hapo, ulitaje jina. Baadaye tumia picha za vitu vya nyumbani mlivyo navyo. Kutumia picha au ishara hakumzuii mtoto kusema.

Lugha gani? Ile mnayoizungumza nyumbani bila kujilazimisha. Kuacha Kigiriama au Kiluo ili umsemeshe Kiingereza cha kubahatisha kunampunguzia maneno anayoyasikia kwa siku.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yanaongozwa na mtu asiye mtaalamu aliyefunzwa. Uliza kaunti yako kama yanaendeshwa. Hayahitaji mtoto awe na jina la ugonjwa.

EARC ni nini, na shule nitaipataje?

Ni vituo vya upimaji wa kielimu, vilivyoanza mwaka 1984, na kwa kawaida viko katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo au ndani ya shule. Afisa wa hapo hupima mtoto anaweza nini darasani, kisha huandika barua ya kupendekeza shule. Nenda na cheti cha kuzaliwa, kitabu cha kliniki, ripoti za hospitali na daftari lake kama amewahi kusoma. Mtoto awe ameshiba na amelala. Akipimwa akiwa na njaa, ripoti itakuwa ya njaa. Kesi ngumu hupelekwa katika kituo cha taifa cha upimaji cha KISE, taasisi ya elimu maalum ya Kenya, Kasarani, Nairobi.

Mapendekezo yanaweza kuwa shule ya kawaida yenye msaada, kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida, shule maalum, au masomo ya nyumbani kwa asiyeweza kusafiri. Sera ya elimu ya mwaka 2018 inayatambua yote haya. Katika mtaala wa umilisi (CBC) kuna njia mbili. Anayeweza kufuata madarasa ya kawaida hupanda kwa umri. Mwingine hupanda kwa hatua: msingi, kati, kabla ya ufundi, kisha ufundi. Uliza mapema mtoto wako amewekwa wapi, kwa sababu njia ya hatua haiishii kwenye mtihani wa taifa, na wazazi wengi hugundua hilo wakiwa wamechelewa.

Kabla ya kukubali bweni, tembelea wakati wa chakula na tazama choo. Uliza analala na nani, nani humpa dawa, na mara ngapi mzazi anaruhusiwa kuja bila kutoa taarifa.

Mwalimu mkuu amekataa kumpokea.

Mwombe akatae kwa maandishi. Mara nyingi mazungumzo hubadilika hapo hapo. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtoto haki ya kuingia shule, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inafanya elimu kuwa ya lazima kwa kila mtoto. Peleka barua ya EARC kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Ukiona shule ina hofu ya kweli, mfano mtoto anajisaidia nguoni au anatoroka, pendekeza jambo mahususi: nepi na nguo za kubadilisha, saa chache kwa siku mwezi wa kwanza, ndugu au jirani wa kumsindikiza.

Usajili wa NCPWD hufanywaje, na unakwama wapi?

Mtoto hupimwa kwanza na jopo la madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Hospitali nyingi zina siku maalum za jopo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa nauli. Ripoti ikishatiwa saini na kuidhinishwa, maombi hufanywa kupitia eCitizen au kwa afisa wa NCPWD wa kaunti, ukiwa na cheti cha kuzaliwa, picha ndogo za mtoto na kitambulisho cha mzazi au mlezi.

Hukwama kwa sababu chache zinazojirudia. Jina kwenye ripoti halilingani na la cheti, hata kwa herufi moja. Ripoti imetaja ugonjwa bila kueleza mtoto anashindwa nini: kula mwenyewe, kwenda choo, kutembea, kujieleza. Mwenye mtindio wa ubongo na ulemavu wa akili ameandikwa ulemavu wa viungo peke yake. Au mlezi ni nyanya na hana barua ya chifu inayosema mtoto yuko mikononi mwake. Soma ripoti kabla hujatoka hospitalini, na piga picha kila ukurasa.

Kadi ndiyo ufunguo wa vifaa, msaada wa karo na ruzuku za vikundi. Haileti pesa za kila mwezi yenyewe.

Basi hizo pesa za Inua Jamii hupatikanaje?

Ni msaada wa serikali wa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji uangalizi wa muda wote, na hupokewa na mlezi. Usajili hufunguliwa kwa awamu, si kila siku. Jiandikishe kwa chifu na kwa afisa wa maendeleo ya jamii kabla awamu haijatangazwa, na hudhuria baraza la chifu. Simu ya mlezi iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mtoto mkubwa au jirani ndiyo hukwamisha malipo. Mlezi akifa au akihama, mabadiliko yafanywe mara moja.

Nimechoka, na baba yake ameondoka.

Uchovu huu ni wa mwili na wa moyo, na una tiba. Mfundishe mtu mwingine mmoja kumlisha na kumpa dawa, hata kama atafanya vibaya kuliko wewe, ili uweze kuugua au kusafiri. Usiposikia usingizi kwa wiki mbili, au ukiona afadhali ninyi wawili mfe, mwambie muuguzi kwa maneno hayo hayo. Hilo ni jambo la kutibiwa. Kikundi cha wazazi kinasaidia hata kikianza na watatu kwenye foleni ya tiba ya viungo. Kikisajiliwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii, kikawa na katiba, kumbukumbu za vikao na akaunti, kinaweza kuomba ruzuku.

Nimlindeje dhidi ya kudhulumiwa?

Mfundishe majina halisi ya viungo vyake, na ishara ya kukataa kama hasemi. Punguza idadi ya watu wanaomwogesha, na kila mmoja ajulikane. Mabadiliko ya ghafla, kama kuogopa mtu fulani, damu kwenye chupi au kuanza upya kujikojolea, yachukulie kwa uzito. Akidhulumiwa kingono, usimwogeshe, weka nguo zake katika mfuko wa karatasi, na mfike hospitali kabla ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Matibabu hayangoji polisi. Nambari 116 ya watoto hupigwa bure, mchana na usiku.

Anakaribia miaka 18. Nini kinabadilika?

Anahitaji kitambulisho chake mwenyewe, na rekodi yake ya NCPWD ihamishwe kutoka ya mtoto kwenda ya mtu mzima. Asiyeweza kusafiri, mwombe chifu amuunganishe na zoezi la usajili wa mashinani, na umwandae kwa alama za vidole: mtoto mwenye vidole vilivyokaza anahitaji kunyooshwa mkono nyumbani kwa siku kadhaa, na mtu wake wa karibu awepo siku hiyo. Akipata kazi, mshahara wake hadi shilingi 150,000 kwa mwezi unaweza kusamehewa kodi, ila lazima aombe cheti cha Mamlaka ya Mapato (KRA). Kadi ya NCPWD peke yake haitoshi. Kama kuna shamba au pesa za urithi kwa jina lake na hawezi kuzisimamia, ulinzi wa mali hiyo hutolewa na mahakama, na barua ya chifu au makubaliano ya ukoo hayachukui nafasi yake.